Mbeba Makaa wa Kasubi

Gulu, 4 Oktoba 1972
(kwa mkono wa Ochan)

Séraphine,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, Ochan ameniletea yote. Dereva huyu wa lori la pamba hajui kusoma, lakini macho anayo, na kila akisimama Kasubi kununua sigara dukani kwa kaka yako Kasereka, anarudi na habari. Safari hii amekuona ukitoka kliniki ya akina mama huko upande wa Mulago, mfuko wa dawa mkononi, viatu vizuri miguuni.

Ndugu yangu Oloya alitoka kambi ya polisi Naguru asubuhi kununua mkate, na hajarudi mpaka leo. Wenzake wa huku kwetu kaskazini walichukuliwa mmoja mmoja, na hakuna aliyerudi kutueleza alikopelekwa. Askari wamefika hapa nyumbani wakimtafuta, wakamwinua mama kitandani kuona kama amelalia mtu. Mama halii tena, anakaa tu na kutazama njia. Na wewe, mke wa mtu huyo huyo, unatafuta dawa ya mimba! Mimba ya nani? Ya upepo?

Miaka sita umekaa kwake na hatukuona kitu. Tulinyamaza. Mimi mwenyewe nilinyamaza, na unajua kwangu kunyamaza ni kazi. Usisahau kwamba ng'ombe waliotolewa siku nilipoolewa na Obwona ndio hao hao waliotolewa kukuoa wewe. Kwa desturi yetu umeolewa kwa mwili wangu, kwa hiyo ninayo haki ya kusema. Acha hizo dawa. Funga mizigo, njoo ukae na mama. Kama ni kungoja, ngojea hapa mbele ya macho yetu.

Acayo,
dada wa mume wako


Kasubi, 12 Oktoba 1972
(kwa mkono wa Ochan)

Wifi Acayo,

Daktari ameniambia niepuke mambo ya kunipandisha presha, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara moja tu.

Nitakueleza ninavyojitunza, ili Ochan apumzishe macho. Asubuhi, kabla sijakanyaga sakafu, naweka kipimajoto chini ya ulimi na kulala kimya mpaka kisome. Kisha nameza kidonge. Kidonge hicho kinanipandisha moto mwilini hadi najimwagia maji mchana, na kuna siku nilikililia chungu cha maharage bila sababu yoyote. Sibebi jerikeni, Kasereka anabeba. Maziwa nikiyapata nakunywa, sigawi. Mchana nalala. Jioni natembea hadi kwenye uzio wa makaburi ya wafalme na kurudi. Sherehe za kuwapa majina watoto wa watu siendi tena. Atakayekasirika na akasirike. Viatu vizuri navaa kwa sababu kwenye benchi la kliniki wanawake wote tunatazama chini, na mimi sitaki kuchukia hata miguu yangu.

Sitaacha dawa. Daktari wangu ni Mhindi, na amri iliyotoka unaijua: kufika mwezi ujao anatakiwa awe ameondoka Uganda. Vidonge alivyonipa ni vya mwisho, na hakuna atakayeniandikia vingine. Nikikatisha sasa, nitaanza upya na nani? Oloya atarudi, na akirudi anikute mzima.

Gulu siji. Mumeo Obwona bado anavaa sare, na jioni anakunywa na hao hao waliomwinua mama kitandani. Siwezi kulala nyumba ambayo wageni kama hao wanaingia bila hodi.

Séraphine


Kwenye makaa, 15 Oktoba 1972
(kwa mkono wa Abudu)

Séra,

Ukisoma, choma.

Jana nilipokuwekea gunia jikoni ulininong'oneza kwamba wiki ijayo ndiyo wiki yenyewe, na kwamba vidonge ni vya mwisho. Nilishindwa kujibu kwa sababu kulikuwa na askari wawili dukani, na mimi pale si mume wako, ni mbeba makaa, kibarua wa Abudu. Nashukuru masizi. Mmoja wao tulilala naye bweni moja Naguru, na alinipisha njia ili nisimchafue shati.

Najibu sasa: acha. Mimi ni mtu aliyepotea, na mke wa mtu aliyepotea hapati mimba. Tumbo likianza kuonekana, kila askari anayenunua sigara hapo atajua kwamba Oloya hayuko mbali. Watakuuliza wewe kwanza, na mimi najua wanavyouliza, nimesikia kupitia ukuta. Wakimaliza na wewe watamwendea Kasereka, kisha Abudu na watoto wake. Tumbo lako litanisema, Séra.

Vumilia. Abudu anatafuta njia ya kunivusha hadi Kisumu. Nikifika salama nitakuita, na huko tutatafuta mtoto kwa raha zetu.

Dada yangu usimwambie kitu. Obwona akimnunia siku mbili tu, atamwambia yote ili amfurahishe. Na hata asiponuniwa, mdomo wa Acayo unasikika hadi barabara kuu.

Oloya


Kasubi, 16 Oktoba 1972
(kwa mkono wa Abudu)

Oloya,

Nimeichoma barua yako, na wakati inaungua nilikuwa naisoma tena kwa hasira.

"Tutatafuta mtoto." Nani na nani? Siku waliponisukumia dawa tumboni ili wanipige picha, niliuma kitambaa mpaka kikatoboka, na wewe ulikuwa zamu. Siku daktari alipokuita nawe upimwe, ulisema polisi hapimwi, mpaka nilipokaa siku nzima bila kusema na wewe ndipo ukaenda. Moto wa vidonge unanichoma mimi. Kipimajoto kiko chini ya ulimi wangu mimi. Sasa nimefika mahali daktari mwenyewe ametabasamu, na wewe unaniandikia neno moja: acha. Kana kwamba ni sigara.

Nina miaka thelathini na nne. Daktari anaondoka na maarifa yake yote, na huko Kisumu hakuna anayenijua. Unasema nivumilie. Sijafanya kazi nyingine tangu unioe.

Naogopa, usidhani siogopi. Ukivuka mlango na gunia kichwani, nahesabu hatua zako hadi utoke. Lakini naogopa pia kuwa mzee katika nyumba ya Kasereka, mke wa mtu aliyepotea, bila kitu chako hata kimoja. Usinitake nichague kati yako na mtoto halafu uite hiyo akili.

Nikimwambia Abudu makaa yamekwisha, njoo. Tumbo litakuwa langu, na la kuwaambia watu nitalitafuta mwenyewe. Usipokuja, nitajua umeamua nini juu yangu.

Séraphine


Gulu, 20 Novemba 1972
(kwa mkono wa Ochan)

Séraphine,

Mnapika nini huko, ng'ombe mzima? Kasereka analalamika mbele ya wateja kwamba hana pa kuweka mifuko ya sukari kwa sababu stoo imejaa makaa, na bado dada yake anaagiza mengine. Ochan ameyasikia kwa masikio yake.

Na amesikia zaidi. Watu wa dukani wanasema kuna mbeba makaa, mrefu, uso wote masizi, anayeingiza gunia hadi jikoni na kukaa humo muda ambao gunia haliuhitaji. Wanasema wamekusikia ukicheka. Unacheka, Séraphine! Mama hapa nampa uji kwa kijiko, anauliza kama Oloya amekula, na wewe unacheka na mtu wa makaa.

Kujitunza, uliniandikia. Maziwa, usingizi wa mchana, viatu. Nilikuonea aibu, nikasema labda dawa imekupanda kichwani. Sasa nimeelewa unajitunza kwa ajili ya nani. Angalia sana. Nikija huko sitakuja na kuku wa zawadi.

Acayo


Kasubi, 18 Desemba 1972
(kwa mkono wa Abudu)

Oloya,

Makaa yanatosha. Usilete tena.

Nesi aliyebaki pale kliniki amenipima, akanipima tena kwa sababu nilimwomba, na ni kweli. Nilitaka kukuambia mbele ya uso wako nione utakavyofanya. Lakini Jumamosi ulipokuja, dukani kulijaa watu, na wiki hii askari wamekuwa wakikaa kwenye kreti za soda hadi jioni. Nimeona mmoja akikutazama mgongo ulipokuwa unaondoka.

Ondoka kabla ya Krismasi, kwa njia yoyote Abudu atakayopata. Bado nina hasira na wewe kwa lile neno lako, na hasira hiyo nitaitunza mpaka nikuone Kisumu. Mimi nakula, nalala, napumzisha miguu. Usiniwaze ukiwa njiani, waza njia.

Nenda sasa.

Séra


Kasubi, 22 Januari 1973
(kwa posta)

Wifi Acayo,

Safari hii natumia posta, kwa sababu sioni haya na anayetaka kusoma asome.

Ulichokisikia ni kweli. Nina mimba. Si ya ndugu yako. Ndugu yako aliniacha kambini Naguru na sufuria juu ya jiko, na sijui kama ni mzima au amekufa, na nimechoka kuulizwa. Ni ya yule mbeba makaa. Jina la baba yake silijui na kabila lake sikuuliza. Aliposikia mimba imeingia alikwenda zake, kama wanavyokwenda.

Miaka sita mlinitazama kama chungu kilichotoboka. Sasa mnajua. Nilibadilisha mwanaume, na dawa ikafanya kazi. Kamwulizeni Oloya alikuwa na tatizo gani, kama mtamwona.

Mama asiningoje. Na wewe usijisumbue kuja.

Séraphine


Gulu, 11 Februari 1973
(kwa mkono wa Ochan)

Wewe,

Uliniambia nisije, nikaja. Nimefika nyumbani jana na sauti bado haijarudi, kwa hiyo nitaandika yale niliyosahau kusema.

Nilisahau kusema kwamba una moyo wa jiwe. Nilisimama mbele ya duka la kaka yako, watu wakajaa hadi ng'ambo ya barabara, nikakuita kila jina nililojifunza katika miaka ya kuishi kambini na Obwona. "Malaya ya Kongo! Unakula ng'ombe yetu, unazaa na kibarua ya makaa! Toka nje watu waone hiyo tumbo!" Na ukatoka! Ukakaa kwenye kiti, ukaweka miguu juu ya kreti, ukamenya ndizi. Nilitukana mpaka jasho likaingia machoni, wewe unakula ndizi pole pole na kuvuta pumzi kama mtu anayepunga upepo. Uliniambia neno moja tu: "Wifi, daktari alikataza mimi kelele. Maliza, nataka kulala."

Wale askari wa kwenye kreti walicheka mpaka mmoja akamwaga soda yake. Kisha mwingine, mzee kidogo, akanishika bega, akasema kwa upole kabisa: "Mama, achia huyu. Bwana yake alikufa zamani, nani atachunga yeye? Sisi wenyewe tumechoka kungojea." Wakachukua sigara zao wakapanda gari.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba ndugu yangu amekufa. Nimelisikia mbele ya watu, nikiwa nakutukana wewe, na wewe ukatazama ganda la ndizi.

Mama nimemwambia yote mawili, la Oloya na la tumbo lako. Aliuliza kama nina hakika, nikasema nimeliona kwa macho. Akalaani. Sikuwahi kumsikia mama akilaani. Tangu jana hataki uji.

Mtoto huyo hana watu huku. Asilete mguu wake Gulu, wala wewe.

Acayo


Gulu, 26 Agosti 1973
(kwa mkono wa Ochan)

Séraphine,

Mama tulimzika mwezi wa nne. Sikukuandikia kwa sababu hukuwa mtu wetu.

Wiki iliyopita alikuja hapa Mjaluo mmoja anaitwa Ochola, anauza samaki wakavu kutoka Kisumu. Alinunua maji kwangu, akakaa, akangoja mpaka watu wapungue, ndipo akasema ameletwa na mtu mrefu anayefanya kazi bandarini. Alinieleza kovu la gotini ambalo mimi ndiye niliyelisababisha, tulipokuwa watoto, kwa jembe. Kisha akasema, "Anauliza kama mtoto wake amezaliwa, na kama wewe umemwona."

Mtoto wake. Nilimwambia arudie. Akarudia.

Obwona sijamwambia, na sitamwambia. Unaona? Ninaweza. Kwa nini hukunijaribu? Ulikaa mbele yangu na mtoto wa ndugu yangu tumboni, ukaniacha nipige kelele juu yake mpaka koo likatoka damu. Uliniacha nirudi kwa mama na habari ya kifo cha mtu ambaye alikuwa hai. Mama amekufa akimlaani mjukuu aliyemwombea miaka sita, Séraphine. Hilo halitoki. Hata uniletee watoto kumi, hilo halitoki.

Halafu nimekaa siku zote hizi nikijiuliza ningefanya nini kama ningejua. Nisingetukana. Ningekuja na kuku na unga wa mtama, ningekushika tumbo, ningelia. Na wale kwenye kreti wangeona wifi analia kwa furaha, na wangeuliza furaha ya nini. Ulijua hivyo. Ulikuwa unanihitaji nikuchukie kwa moyo wote, ukaniandikia barua ya kunichukiza, ukaipeleka posta ili wao waifungue kwanza. Nimeelewa. Nakuchukia zaidi kwa sababu nimeelewa.

Jumamosi nakuja na lori la Ochan. Siji kwako, nakuja kumwona mtoto. Usinipikie.

Acayo


Kasubi, 30 Agosti 1973
(kwa mkono wa Ochan)

Wifi Acayo,

Njoo.

Ni msichana. Amezaliwa Julai, na ana masikio ya Oloya, yale yaliyokaa mbele. Jina la kwetu ninalo. La kwenu sijampa, si kazi yangu, ni kazi ya shangazi yake.

Kuhusu mama nitasema mara moja. Nilijua kwamba huenda ikawa hivyo, na bado nilifanya. Ningefanya tena. Nimelia tangu Ochan aniletee barua yako, na maziwa yamepungua kwa siku mbili, ikabidi nijilazimishe kula na kulala, kwa sababu kuna mtu anayekula kwangu. Siombi msamaha. Ukitaka kuniambia zaidi ya yale uliyoandika, utaniambia.

Na ni kweli, sikukuamini. Sijui kama nakuamini hata sasa. Kwa Obwona umenyamaza wiki moja. Nyamaza mwaka, ndipo tutaongea.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu Kasereka naye anaogopa. Wale askari wamerudi kukaa kwenye kreti zao. Wanasema sigara za hapa ni rahisi. Ukishuka kwenye lori, usije na uso wa mtu aliyefiwa wala wa mtu anayekwenda kuona mtoto. Kuku usilete. Anza kutukana kuanzia barabarani, yote ya siku ile, malaya, Kongo, ng'ombe, makaa. Mimi safari hii nitakujibu, nimeshajifungua na sauti ninayo. Nitakusukuma, wewe nishike kitenge unifuate ndani kama mtu anayekuja kunipiga, kisha ufunge mlango kwa kishindo.

Usihangaike kuigiza. Unayo ya kweli ya kutosha, na mimi pia.

Yuko chumba cha nyuma, kwenye kikapu. Osha mikono kwanza, halafu umbebe.

Séraphine